Bunduki ya Misumari Isiyopiga Asubuhi

Msumari wa kwanza uliingia nusu. Wa pili nao ukaingia nusu. Wa tatu ulichungulia tu kwenye mbao, ukalala ubavu. Na Bi Wahiba, mwenye nyumba, alikuwa amesimama pale chini, mkono mmoja umekinga jua, mwingine umeshika funguo za duka, anaona kila kitu.

"Chausiku," aliita. "Hiyo ndiyo mashine uliyonisifia?"

Chausiku alikuwa juu ya paa, goti moja kwenye ubao wa papi, bunduki ya misumari mkononi, hasira imemfika kooni. Alibonyeza tena. Mashine ambayo jana yake mchana ilipiga misumari mpaka wapita njia wakasimama kutazama, asubuhi hii ilikohoa tu, na kichwa cha msumari kikabaki nje.

Bunduki yenyewe si ya kuulia mtu. Ni chombo cha fundi paa. Inaungwa kwa mpira mrefu kwenye kompresa, kompresa inasukuma hewa, hewa inasukuma pistoni, na pistoni inaupiga msumari hadi kichwa kilale sawa na kigae, kwa pigo moja. Vigae vya Bi Wahiba ni vile vya bati lililobandikwa punje za mawe, ambavyo siku hizi kila anayejenga Chamazi anavitaka. Ukivigongagonga kwa nyundo punje zinabanduka, na baada ya masika mawili paa linakuwa na mabaka. Kwa ajili hiyo Bi Wahiba alimchukua Chausiku awe fundi mkuu, akamweka fundi Mashaka, mwenye nyundo yake na mvi zake, chini ya mwanamke. Jambo hilo Mashaka hakulimeza hata kwa maji.

"Mie nilisema mapema," Mashaka alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Chuma kina tabia yake. Kuna vyombo havitaki mkono wa kike. Hata ukikifukizia ubani, kitakuambia sitaki."

"Mchana kinataka, asubuhi hakitaki?" Chausiku alimuuliza kutoka juu. "Basi hicho chuma ni kigeugeu kama wewe, fundi Mashaka."

Isack, kijana wa Iringa aliyekuwa akipanga vigae, aligeuza uso acheke. Bi Wahiba hakucheka. Alikuwa mwanamke aliyezaliwa kwenye biashara, duka la vitambaa la pale Rangi Tatu alilirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu, na watu wa namna hiyo hawanunui maneno.

"Asubuhi ya tatu hii," alisema. "Kila nikipita kwenda dukani naona msumari umesimama. Nikikupigia simu mchana unaniambia imepona. Mie mchana sipo, sioni. Sasa sikiliza, mwanangu. Kesho nitapita tena. Nikikuta msumari umesimama, paa hili atalishika Mashaka, na wewe utamshikia vigae. Usije ukasema sikukwambia."

"Njoo, Bi Wahiba," Chausiku alisema. "Njoo na mapema, usichelewe."

Yalimtoka tu. Ulimi wake ulikuwa na tabia ya kutangulia mbele ya akili, na akili ikifika inakuta mkataba umeshawekwa. Bi Wahiba alimtazama kidogo, akapanda bajaji yake, akaenda zake.

Sasa, mtu angeweza kusema: paa ni paa tu, likienda hili litakuja jingine. Mtu huyo hamjui Bi Hija, mama yake Chausiku.

Bi Hija ni mwenyeji wa Mbagala tangu Mbagala ikiwa mikorosho. Binti yake huyu alimtaka ashone, au akaange vitumbua, au akae dukani kwa mtu kwa heshima yake. Siku Chausiku alipotoka chuo cha ufundi na kumwambia kuwa anaenda kupaua nyumba, Bi Hija alisema sentensi moja tu: "Mwanamke yuko juu ya nyumba ya watu, chini wamesimama wanaume wanamtazama." Akanyanyuka, akaenda kukoroga mboga. Tangu siku hiyo hakuitaja tena kazi ile. Hakuuliza leo umeshindaje, hakuuliza nyumba ya nani, hakuuliza umekula nini huko. Chausiku akirudi jioni na begi lake begani, mama humwambia, "Chakula kipo," na akiliona begi huongeza, "Na hilo lidude liweke kule kwenye pembe, linanuka." Yakawa ndiyo mazungumzo yao kuhusu ufundi, mwaka baada ya mwaka.

Na ilimuuma. Tusidanganyane, ilimuuma kuliko kelele zote za akina Mashaka. Mashaka alikuwa nzi, ukimpunga anahama. Lakini kimya cha mama hakipungwi. Angeshuka kwenye paa lile kwa kushindwa, asingeshuka mbele ya Mashaka peke yake. Angeshuka mbele ya Bi Hija, na Bi Hija wala asingesema kitu. Angempakulia tu chakula.

Kwa hiyo hakushuka. Alishika kazi ya kuitafuta ile homa ya mashine inakotoka.

Alianza na kompresa. Mshale wa geji ya kupimia hewa ulikuwa umesimama palepale panapotakiwa. Akasema labda umeme unafika umechoka, maana kompresa ilikuwa inakula kwenye waya mrefu uliopita uani, ukazunguka choo cha mlinzi. Akaiburuta kompresa na Isack hadi mlangoni mwa mita, akauondoa ule waya. Bunduki ikakohoa vilevile. Akaupitia mpira wa hewa kwa kiganja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayemkanda mtoto tumbo, akakuta mahali palipokanyagwa na toroli, akakata pale na kuunga upya. Akaenda kwa Yustina, mama lishe aliyepika kwenye kibanda nje ya uzio, akaomba povu la sabuni, akalipaka kwenye maungio yote atazame panapotoka mapovu. Pakatoka povu dogo pahala pamoja, pembeni kabisa. Akafunga tepu nyeupe ya mafundi bomba, akakaza. Akafungua koki ya chini ya kompresa, maji yakatoka mekundu kwa kutu, akayaacha mpaka yakakauka.

Mashaka alikuwa amekaa kivulini anainyoosha kwa nyundo misumari iliyopinda na kung'olewa, taratibu, kwa madaha, na kila akimaliza mmoja anaipuliza nyundo yake.

"Unatafuta nini huko, mama? Hewa haina mkia ukaishika."

"Shikamoo nilishakupa asubuhi, fundi. Mengine ni yangu."

Maana shikamoo aliitoa kila siku, hata siku za ugomvi. Hiyo Bi Hija alimfundisha, na haikuondolewa na mtu yeyote.

Jua lilipofika utosini Chausiku alipanda tena. Akaweka mdomo wa bunduki kwenye kigae, akabonyeza. Tak! Kichwa kikalala. Tak, tak, tak, safu nzima ikajaa kabla Isack hajamaliza kupanga inayofuata. Furaha ilimpanda mpaka akataka kuimba. Akajisemea: tepu. Kumbe ilikuwa ni kale kapovu tu.

Halafu akakumbuka, na furaha ikaporomoka. Jana yake pia alisema hivyohivyo: kumbe ilikuwa maji. Juzi akasema: kumbe boksi la misumari lilikuwa baya. Kila siku alikuwa amepata ugonjwa, kila siku alikuwa ameutibu, na kila asubuhi mgonjwa alikutwa hoi kitandani, mwenye nyumba amesimama mlangoni.

Alasiri waliposhusha vyombo, alikaa kwenye kivuli cha ukuta akaifungua bunduki kichwa. Ndani palikuwa pazuri. Silinda inang'aa kwa mafuta, oringi, zile pete za mpira, zote nzima, pistoni inateleza kwa kidole. Alipaona hata pameloa zaidi ya matone mawili anayotiaga mwenyewe kila asubuhi, akajisifu moyoni kwa kuitunza vizuri. Akaifunga.

"Nimetazama kila mahali," alimwambia Isack. "Haina ugonjwa."

Isack alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa bado na milima ya kwao ndani yake. Alijikuna kidevu.

"Dada, mimi naona hivi. Mgonjwa wetu anaumwa asubuhi. Sisi tunampeleka hospitali mchana. Daktari atamkuta na nini?"

Chausiku alimkodolea macho. Alikuwa amesoma mwaka mzima kwenye chuo chenye karakana, na hakuna aliyewahi kumwambia jambo la akili namna hiyo. Akampiga begani, akachukua begi, akaita bodaboda.

Nyumbani siku hiyo hakukuwa na jipya. Bi Hija alikuwa anachambua mchele. "Chakula kipo," alisema. "Na hilo lidude." Chausiku akaliweka begi kwenye pembe, akaoga, akala, akalala na ubishi wake. Usingizi haukumpata vizuri. Alikuwa anamjibu Mashaka ndotoni.

Asubuhi alifika kazini wa kwanza. Kilikuwa kipupwe, ile miezi ambayo Dar es Salaam inajidai nayo ina baridi: Yustina alikuwa amejifunga kanga mbili juu ya sweta na anapuliza moto wa chai, na mlinzi alikuwa hajaitoa kofia ya sufi. Chausiku hakuunga mpira wala hakuwasha kompresa. Alitandika gunia chini, akaitoa bunduki ndani ya begi ikiwa na baridi yake ya usiku kucha, akafungua bolti za kichwa.

Akanyanyua kifuniko, akabaki amekishika.

Kulikuwa na kitu cheupe. Kwenye kuta za silinda, kwenye mdomo wa vali, kwenye mfereji wa oringi, kila palipokuwa panang'aa jana palikuwa pameganda utando mweupe, mzito, kama mafuta ya supu iliyolala. Akaisukuma pistoni kwa kidole. Ilisogea kwa kulazimishwa. Sasa hewa ingefanya nini? Ingeusukuma msumari au ingeusukuma mgando? Akakwangua kidogo kwa ukucha. Kule kuguswa tu na kidole, kikayeyuka, kikawa mafuta.

Kila nyumba ya Pwani inalijua jambo hili, hata mtoto analijua: kikiingia kipupwe, chupa ya mafuta ya nazi inaganda asubuhi, unaianika juani au unachokoa kwa kijiti. Jua likipanda, yanarudi kuwa maji kana kwamba hayakuwahi kuganda. Mtu anaweza kuyafahamu mafuta haya miaka yote kichwani mwake asiyategemee kabisa ndani ya mashine.

"Mafuta ya nazi," alisema peke yake.

Isack alikuwa ameshafika, ameinama juu ya bega lake. Alitazama, akanusa, na uso wake ukabadilika.

"Dada. Hii wamekufanyia. Ni Mashaka huyu. Nani mwingine?"

Na kusema kweli, Chausiku naye jina hilo ndilo lililomjia kwanza, na likamjia kwa utamu. Mashaka! Angemshika hadharani, mbele ya Bi Wahiba, na kesi ingefungwa siku hiyohiyo. Alikipeleka kidole puani tena, aone hata yanatoka duka gani.

Hayakutoka dukani. Ndani ya ile nazi kulikuwa na karafuu. Bi Hija huyapika mafuta yake mwenyewe, hakubali ya kununua, na akishayaepua hutumbukiza karafuu kiganja kizima, mazoea aliyoyatoa kwa mama yake. Mbagala nzima hakuna mwingine anayefanya hivyo. Ilikuwa harufu ya nywele za Chausiku mwenyewe, tangu anasukwa akiwa amebanwa katikati ya magoti ya mama na kuambiwa tulia.

Chausiku alikaa chini kwenye gunia. Machozi yalimjia kwa ghafla, akakasirika nayo. Aliona yote kwa wakati mmoja: pembe ya ukumbi, begi, yeye yuko bafuni anaoga, na mama yake mkongwe, yule asiyeuliza neno, amechuchumaa juu ya lidude linalonuka, anatafuta tundu la kulitilia mafuta.

"Shikamoo, Bi Wahiba," Isack alikuwa anasema, kwa sauti kubwa isiyo ya kawaida yake.

Bi Wahiba alikuwa ameingia getini, mapema kama alivyotakiwa. Nyuma yake alikuwa Mashaka, amevaa shati safi. Wote wawili waliitazama bunduki iliyotapanywa juu ya gunia.

"Umeichinja?" Bi Wahiba aliuliza.

"Nimeupata ugonjwa," Chausiku alisema, akasimama. "Kuna mafuta ya nazi ndani. Usiku yanaganda, asubuhi pistoni haiendi. Mchana jua linayayeyusha. Kwa hiyo hukuwahi kuiona ikipiga, na mie sikuwahi kukudanganya."

Mashaka aliinama akanusa. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Nazi kweli. Na karafuu. Jamani, alikuwa anapika pilau humu."

"Usicheke," Isack alimkatiza. Alikuwa amevimba kwa hasira, kijana wa watu. "Bi Wahiba, hii kitu mtu ametia. Na aliyetaka paa ni mmoja tu."

Kicheko cha Mashaka kilikatika katikati, akamtazama Isack, kisha Bi Wahiba, na kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze alionekana mzee. Bi Wahiba alimgeukia polepole.

"Mashaka?"

"Wallahi mie siijui hata inapofunguliwa."

Hapo ndipo nafasi ilipokuwa. Chausiku hakuhitaji hata kusema uongo. Angenyamaza tu. Angeinamisha macho, Mashaka angetolewa getini na nyundo yake, na mtaa mzima ungejua kuwa fundi wa kike alihujumiwa na akashinda. Angeweza pia kusema ukweli wote, mama yangu katia, akajisafisha, na Mashaka akapata hadithi ya kusimulia vijiweni mpaka afe: wanawake wawili na bunduki yao, mmoja anapiga, mwingine anaipaka mafuta ya nywele. Vyote viwili vilikuwa rahisi. Alivikataa vyote kwa pamoja, na aliona raha kuvikataa.

"Fundi Mashaka hana mkono hapa," alisema. "Bunduki nalala nayo kwangu. Mafuta yametoka kwangu. Chombo ni changu, na kosa lake ni langu."

"Yametoka kwako vipi?" Bi Wahiba aliuliza. "Fundi mzima hujui mafuta ya mashine?"

"Nayajua. Kichupa hiki hapa. Nimekwambia kosa langu, Bi Wahiba, sikukwambia nitasimulia."

Bi Wahiba alitazama funguo zake. "Basi duka linaningoja. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana asubuhi. Asubuhi ndiyo hii, haijaisha." Chausiku aliichukua ndoo tupu, akaigeuza, akaifuta kwa kiganja, akaiweka mbele ya mwenye nyumba. "Kaa. Ulisema ukikuta msumari umesimama. Hujaukuta. Hakuna uliopigwa bado."

Haikuwa adabu sana. Lakini Bi Wahiba alikuwa mfanyabiashara, na neno lililosemwa lilikuwa limesemwa. Alikaa kwenye ndoo, akakunja baibui lake magotini.

Mashaka, labda kwa kushukuru, labda kwa mazoea ya kujua kila kitu, alisogea. "Ioshe kwa petroli. Dakika moja inakuwa safi."

"Petroli inakula oringi. Nikiiosha kwa petroli leo itapiga, wiki ijayo itavuja kila upande. Nipe hicho kitambaa hapo nyuma yako."

Mashaka akampa. Huenda hakujua kuwa amempa.

Isack alikimbia kwa Yustina akarudi na sufuria ya maji ya moto, yale yaliyokuwa yawe chai. Chausiku alikamua kitambaa ndani ya maji ya moto na sabuni, akafuta silinda, akachovya, akafuta tena. Mgando ulitoka ukielea juu ya maji kama vijipande vya sarafu nyeupe. Alizungusha kitambaa kwenye mifereji ya oringi, akachokonoa vali kwa njiti, akaifuta pistoni mpaka chuma kikalia kwa usafi. Akakausha kila kitu kwa hewa ya kompresa. Watu wa jirani walikuwa wamesimama kwenye uzio sasa. Harufu ya karafuu ilikuwa imejaa uwanja mzima, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Aliyasikia yote. Akatia matone mawili ya mafuta ya kichupa, akafunga bolti, akaunga mpira.

Jua lilikuwa bado halijapanda ukuta. Paa lilikuwa na umande. Alitaka iwe hivyohivyo, baridi, asipate wa kusema ni jua.

Akapanda. Akaweka mdomo wa bunduki kwenye kigae, palepale ulipolala ubavu msumari wa jana. Akabonyeza.

Tak!

Hakutazama chini. Akasogea, akabonyeza, akasogea, akabonyeza, safu ikaenda hadi mwisho wa paa, akageuka akarudi na ya pili. Alipofika ukingoni alimkuta Bi Wahiba uso kwa uso. Mwanamke yule alikuwa amepanda ngazi, baibui na yote, Mashaka ameishika ngazi chini kwa mikono miwili na ameugeuza uso pembeni kwa heshima. Bi Wahiba alinyoosha kidole, akapitisha ukucha juu ya kichwa cha msumari. Haukukwama popote. Akapitisha kwenye wa pili, na wa tatu.

"Endelea," alisema. Na alipokuwa anashuka, "Mashaka, mpe vigae."

Mashaka alimpa vigae. Alimpa siku nzima, na siku nzima alimwita Mama Pilau, na wapita njia nao wakadaka wakaanza kuita Mama Pilau, Mama Pilau. Chausiku aliitika kila mara. Alipiga misumari mpaka upande wote wa kusini ukafunikwa.

Alirudi nyumbani mapema jioni, bado kuna mwanga. Bi Hija alikuwa kibarazani anakuna nazi kwenye mbuzi, mgongo umeinama.

"Chakula kipo. Na hilo lidude..."

"Mama." Chausiku hakuliweka begi kwenye pembe. Aliliweka kibarazani, mbele ya mbuzi, akakaa sakafuni. "Nani anatiaga mafuta kwenye bunduki yangu?"

"Bunduki gani? Kwani nchi ina vita?"

"Mama, yana karafuu."

Mkono wa Bi Hija uliendelea kukuna kwa muda kana kwamba hausikii. Kisha ukasimama.

"Ilikuwa inalia," alisema. "Ile Jumapili ulipokuwa unaijaribu hapo uani. Nikasikia chuma kinalia ukavu. Chuma kikikauka kinaruka, kinamrudia mwenyewe. Wewe uko juu huko, hakuna cha kushika." Alifuta mkono kwenye kanga. "Nilitaka ushuke, hukushuka. Sasa nifanyeje? Nikuache upande na kitu kikavu?"

Chausiku aliinamia begi, akatoa kichupa chake, akakiweka kwenye kiganja cha mama yake, na kukifunga kile kiganja kwa vidole vyake.

"Inakunywa haya. Yale yanaganda, yameninyima nguvu siku tatu, kidogo waninyang'anye paa. Haya, matone mawili tu. Hapa, kwenye hili tundu."

Bi Hija alifungua kichupa akanusa. "Hayana hata harufu," alisema kwa dharau. Lakini hakukirudisha. Alikifunga, akakichomeka kwenye pindo la kanga, kiunoni, mahali anapowekaga vitu vyake.

"Na huko walisemaje?" aliuliza.

Miaka yote ile, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Walicheka. Wakauliza nani katia mafuta ya nazi kwenye mashine. Nikasema ni kosa langu. Usiwe na wasiwasi, mama, sikukutaja."

Bi Hija aliinua uso. Macho yalikuwa yamewaka kwa namna ambayo Chausiku aliijua vizuri, maana ilikuwa yake pia.

"Hukunitaja? Kwa nini hukunitaja? Nimeiba? Nimezini?" Aliisukuma mbuzi kando, nazi iliyokunwa ikamwagika. "Kesho uende ukawaambie. Huyo Mashaka na huyo tajiri wako na wote waliosimama huko chini wanakutazama. Waambie mafuta katia Hija binti Mfaume, wa Mbagala. Na fundi kamzaa yeye. Mwenye la kusema aje aniulize mie, mlango wangu anaujua."